Godauni la mabati la stesheni, kipimo cha 1:87

Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu 1901 ilikuwa ya geji (upana kati ya reli mbili) ya mita moja. Mfano wake mdogo wa 1:87, yaani uliopunguzwa mara 87, hutumia njia ya milimita 12. Majengo mengi ya mfano ya dukani ni ya Ulaya na Marekani, hivyo godauni la mabati utalijenga mwenyewe.

Chukua godauni la mita 12 kwa 6. Gawa kila kipimo kwa 87: milimita 138 kwa 69, kuta zikiwa na kimo cha 40. Kata kuta kwenye kadibodi ngumu ya milimita 2, na milango uitoboe kabla ya kuunganisha. Rangi ikipakwa upande mmoja tu, ukuta hupinda; paka na ndani siku hiyohiyo. Kimo cha jukwaa la mizigo usikikokotoe. Pima sakafu ya behewa lako likiwa juu ya reli, kisha pitisha behewa lako pana kuliko yote kabla ya kugandisha jengo.

Kazi kubwa ni bati la paa. Foili ya jikoni ni laini mno, migongo ya mawimbi hulala ukiigusa. Tumia trei ya alumini ya chakula: ioshe mafuta kwa sabuni, nyoosha kitako chake kwa chupa, kilaze juu ya daftari nene. Kwa rula na kalamu iliyoisha wino, vuta mistari kila milimita 1, mara mbili kwa mkono mwepesi. Ukikandamiza mara moja, alumini huchanika. Geuza, vuta tena katikati ya mistari. Hapo wimbi hujitokeza.

Sasa kata vipande vya milimita 9: 38 vya urefu wa 28 kwa safu za chini, 38 vya 21 kwa za juu. Ongeza kumi, vingine vitaharibika. Bandika kwa gundi ya viatu, maana gundi nyeupe ya mbao haishiki alumini vizuri. Anzia upenuni, kila bati lilalie jirani yake mgongo mmoja, safu ya juu ifunike ya chini milimita 2. Kofia ya kufunika kilele cha paa huja mwisho.

Paka praima (rangi ya msingi) kwanza, la sivyo rangi itabanduka, kisha kijivu kisichong'aa. Kutu iweke kwa brashi karibu kavu kwenye maungio, kingo na mistari ya misumari, ambako hasa huanzia. Mabati mawili matatu yaache yakimetameta kidogo, kama yaliyobadilishwa juzi.