Mombasa hadi Nairobi kwenye simuleta: hesabu za kushuka na kukamata ILS

Anayejifunza kurusha ndege ya abiria kwenye kompyuta nyumbani kwa kawaida huanzia kwenye vitufe. Anakariri LNAV (kufuata njia), VNAV (kufuata kimo) na APP (kukaribia ranwei), kisha anafika karibu na kiwanja akiwa juu mno na kasi imemzidi, hajui kosa lilianzia wapi. Mara nyingi lilianzia maili sabini nyuma. Mwongozo huu unafuata safari moja, Mombasa (HKMO) hadi Nairobi JKIA (HKJK), kwa Boeing 737-800, hadi kukamata ILS, mfumo wa redio unaoiongoza ndege hadi ranwei. Tumeichagua kwa sababu JKIA iko kama futi 5,330 juu ya usawa wa bahari, na mwinuko huo unafichua kila kosa la hesabu ambalo kiwanja cha pwani kingekusamehe. Irushe mara kumi kabla hujagusa safari nyingine. Maili zote humu ni za baharini, na kasi zote ni kwa noti.

Ndege na data

Kwenye X-Plane 12, ndege ya Zibo 737-800 ni ya bure na mifumo yake ina undani wa kutosha kabisa kwa kazi hii. Kwenye Microsoft Flight Simulator kuna PMDG 737, ambayo ni ya kulipia. Ukitaka Airbus ya bure, A32NX ya FlyByWire inafaa, ila majina ya vitufe yatakuwa tofauti na ya humu. Hesabu hazibadiliki.

Mpango wa safari na mafuta upate SimBrief, bila malipo. Chati zitoke kwenye AIP ya Kenya (kitabu rasmi cha taarifa za anga) inayotolewa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, au Navigraph kama una usajili. Hapa ndipo wengi hukwama. Data za urambazaji hubadilishwa kila siku 28, katika mizunguko iitwayo AIRAC. Mpango ukiwa wa mzunguko mmoja na FMC (kompyuta ya safari ndani ya ndege) ya mwingine, pointi za njia zitakataliwa, au njia ya kuwasili uliyoisoma kwenye chati haitaonekana kwenye orodha. Angalia mzunguko kwenye ukurasa wa IDENT kabla ya kuandika chochote.

Kutoka Mombasa hadi Nairobi kwa mstari ulionyooka ni kama maili 228, kuelekea kaskazini magharibi, takriban nyuzi 316. Mwelekeo wowote kati ya 180 na 359 unachukua viwango vya shufwa, kwa hiyo chagua FL260 (futi 26,000), FL280 au FL300. Sisi tutatumia FL280.

Kujaza FMC

Washa IRS (vifaa vinavyoijulisha ndege mahali ilipo) kwanza, kwa sababu zinahitaji muda kujipanga. Karibu na ikweta dakika tano hivi zinatosha kwenye 737, mradi usiisogeze ndege. Kisha fuata mpangilio huu wa kurasa za FMC: POS INIT, RTE, DEP/ARR, LEGS, PERF INIT, N1 LIMIT, TAKEOFF.

Kwenye PERF INIT andika ZFW, yaani uzito wa ndege na abiria na mizigo bila mafuta. Ukiandika uzito mzima mahali pa ZFW, FMC itaongeza mafuta mara ya pili, na kasi ya kutua itatoka kubwa kuliko inavyotakiwa.

Kwenye DEP/ARR chagua ILS ya ranwei 06 ya Nairobi, ndiyo inayotumika zaidi kwa kuwa upepo wa huko mara nyingi hutoka upande wa mashariki. Halafu pitia LEGS pointi moja moja, ukilinganisha na chati, hasa vimo na kasi zilizoandikwa kulia. Ukiona visanduku vitupu na neno DISCONTINUITY kati ya pointi mbili, amua kama kweli pana pengo hapo. Usipolifunga, LNAV itajitoa ukifika, na ndege itaendelea na mwelekeo iliokuwa nao.

Jambo dogo linalosahauliwa sana: kwenye paneli ya juu, LAND ALT iweke 5,350. Ukiiacha kwenye mwinuko wa Mombasa, mfumo wa hewa utajaribu kuweka kabini kwenye kimo cha pwani wakati kiwanja unachotua kiko juu ya futi 5,000, na utatua kabini ikiwa bado imeshindiliwa hewa.

Wapi pa kuanza kushuka

FMC itakuchorea T/D, yaani pointi ya kuanza kushuka, lakini ifanye hesabu mwenyewe kwanza kisha ulinganishe. Toa mwinuko wa kiwanja kwenye kimo chako: 28,000 kutoa 5,300 ni 22,700. Kila futi 1,000 zinahitaji maili tatu, kwa hiyo ni maili 68. Ongeza maili 10 za kupunguza kasi. Jumla ni 78.

Sasa swali la msingi: maili 78 za nini? Si za DME, yaani umbali wa moja kwa moja hadi kituo cha redio. Unatoka kusini mashariki, lakini ranwei 06 inaingiwa kutoka kusini magharibi. Ni lazima upite kusini ya kiwanja, ufike maili 10 hivi upande wa pili, ndipo ugeuke kulia zaidi ya nyuzi 100. Kwa njia hiyo, maili 78 za kuruka zinakukuta ukiwa kwenye DME 65 hivi. DME ikisoma 40, bado una kama maili 54 za kuruka. Anayehesabu kwa DME huanza kushuka mapema, kisha husogea akiwa chini kwa muda mrefu huku injini zikila mafuta. Anayepewa njia ya mkato na mwongozaji, kwenye VATSIM (mtandao wa marubani na waongozaji wa simuleta) kwa mfano, hukutwa na kinyume chake: maili 15 zinatoweka ghafla na anabaki juu kwa futi 5,000. Kila njia inapobadilika, rudia hesabu.

Kabla ya T/D, zungusha dirisha la ALTITUDE kwenye MCP (paneli ya otopailoti) hadi kimo ulichoruhusiwa kushukia. Usipofanya hivyo, FMC itaandika RESET MCP ALT na ndege itaendelea kukaa FL280, VNAV ikiwa imewaka vizuri tu. Wanaoanza huamini kwamba ndege imeharibika.

Ukiona DRAG REQUIRED, vuta breki za hewa mara moja. Sababu ya kawaida ni upepo wa nyuma ambao haukuandikwa kwenye utabiri wa kushuka.

Kasi kwenye kiwanja cha juu

Kanuni ya noti 250 chini ya futi 10,000 wengi wameizoea kama kengele ya kuanza kupunguza. Mombasa inatosha, kwa sababu kutoka futi 10,000 bado una maili 30. Nairobi, futi 10,000 ni futi 4,700 tu juu ya ardhi, na kwa mteremko wa nyuzi tatu hizo ni maili 15. Ukianza kupunguza hapo umechelewa, kwa kuwa 737 ni nyepesi kuteleza: ama ishuke, ama ipunguze kasi, kuvifanya vyote viwili kwa pamoja haipendi.

Jiwekee milango hii, kwa maili za kuruka hadi kizingiti cha ranwei. Maili 30: futi 12,000 na noti 250. Maili 15: karibu futi 9,000, noti 210, flapu 1 kisha 5. Maili 10: futi 8,500 na noti 180. Maili 7: magurudumu chini, flapu 15. Kabla ya maili 5: flapu 30 na kasi ya mwisho. Chati ikitaja kimo cha chini kilicho juu zaidi ya hivi, chati ndiyo inayoshinda. Magharibi ya JKIA kuna vilima vya Ngong vinavyokaribia mita 2,460, na mstari wa ranwei 06 ukiurefusha nyuma unapita kusini yao kwa maili chache tu. Kwa hiyo usishuke kwa kubahatisha upande huo.

Kuna jambo la pili kuhusu hewa nyepesi. Nairobi ikiwa na joto la kawaida la mchana, kasi halisi inazidi ile ya kwenye kipimo kwa zaidi ya asilimia kumi. Ndege ya tani 60 ina Vref (kasi ya msingi ya kutua) ya karibu noti 140 kwa flapu 30. Ongeza 5, unasoma 145, lakini unapita hewani kwa noti 162 hivi. Zidisha kasi ya ardhini kwa 5 upate mwendo wa kushuka: bila upepo ni futi 810 kwa dakika. Aliyezoea 700 za pwani akiiona 800 hudhani anaanguka, anavuta pua juu, na mshale wa glaidislopu (mteremko wa redio wa ILS) unashuka chini yake. Acha 800 iendelee. Ni sahihi.

Kona nazo zinapanuka. Kwa noti 210 kwenye futi 9,000, ukiinama nyuzi 25, nusu kipenyo cha kona ni karibu maili mbili. Ukigeuka kuingia kwenye mstari wa ranwei kwa pembe ya mraba ukingoja sindano isogee kwanza, utaupita mstari. Dawa ni kuingia kwa pembe ya nyuzi 30, ukiwa umeshafika noti 180.

Kukamata ILS

Soma masafa na mwelekeo wa ILS kwenye chati, uviweke pande zote mbili, NAV 1 na NAV 2, kisha sikiliza herufi za Morse. Sindano iliyotulia katikati bila utambulisho haina maana yoyote. Weka QNH (shinikizo la hewa la mahali) ya Nairobi kwenye altimita zote mbili mara unapopita kiwango cha mpito. Hektopaskali moja ni futi 28 hivi. QNH ikiwa 1022 na wewe umebaki na 1013 ya viwango vya juu, uko futi 250 juu ya unachosoma. Kwenye siku ya hewa nzito kosa hilo linakuweka juu, lakini mahali ambapo QNH iko chini ya 1013 linakuweka karibu na ardhi.

Kaa kwenye futi 8,500 kwa HDG SEL (mwelekeo unaouchagua mwenyewe). Bonyeza VOR LOC, ungoje lokalaiza (mstari wa redio wa ranwei) ikamatwe na neno libadilike kuwa kijani kwenye skrini ya rubani. Hapo ndipo ubonyeze APP. Mpangilio huu una sababu: mtambo wa glaidislopu hutoa pia mteremko wa uongo juu ya ule wa kweli, kuanzia nyuzi 9 hivi, na ndege iliyo juu mno inaweza kuukamata na kuinamisha pua kwa nguvu. Mteremko wa kweli kila mara uingilie kutoka chini, sindano ikishuka kukufuata. Glaidislopu inahakikishiwa kufanya kazi hadi maili 10, kwa hiyo kuitegemea kwenye maili 18 si sahihi hata kama simuleta inakuonyesha sindano.

Baada ya kukamata, usikae kutazama tu. Linganisha umbali na kimo. Kwa mteremko wa nyuzi tatu, kila maili ni futi 318, ukiongeza 50 za kuvuka kizingiti na mwinuko wa ranwei. Maili 8 ni futi 7,900. Maili 6 ni 7,300. Maili 4 ni 6,650. Maili 2 ni 6,000. DME huenda isiwe imewekwa kizingitini, hivyo jedwali lililo kwenye chati ndilo la mwisho. Tofauti ikizidi futi 200, kuna kitu umekosea: ama QNH, ama masafa, ama umekamata mteremko wa uongo.

Ukifika futi 6,330, yaani 1,000 juu ya kiwanja, kila kitu kiwe kimetulia: flapu 30, magurudumu chini, kasi haijazidi kwa zaidi ya noti 10, injini zimepanda kidogo kutoka nguvu ya chini. Kimo cha uamuzi kwa CAT I (daraja la kwanza la ILS) ya kawaida ni futi 200 juu ya kizingiti, hapa karibu 5,530. Kiweke kwenye BARO (altimita ya shinikizo), si RADIO.

Ukishaweza kufanya haya kwa otopailoti, izime kwenye maili 8 pamoja na flaitidirekta (mistari ya skrini inayokuelekeza pua), urushe kwa sindano tupu. Siri ni kusahihisha kidogo: lokalaiza ikihama nusu alama, badilisha mwelekeo kwa nyuzi 3, ungoje, kisha urudishe. Ukibadilisha kwa 10 utakuwa unavuka mstari huku na huku hadi chini. Kama otopailoti inajitoa yenyewe bila kuguswa, kagua joistiki: mhimili unaotetemeka kidogo huhesabiwa kama mkono wa rubani. Ongeza eneo mfu la asilimia tatu hadi tano kwenye mipangilio.

Ukishindwa kutulia

Fanyia mazoezi kuahirisha kutua mara nyingi kama unavyofanyia kutua. Mara glaidislopu ikishakamatwa, weka kimo cha kuahirisha kwenye MCP, ili kiwe tayari. Futi 6,330 zikifika na bado una noti 170, bonyeza TO/GA (kitufe cha kuahirisha kutua) mara moja, ita flapu 15, na altimita ikionyesha unapanda, pandisha magurudumu. Bonyezo la kwanza linatoa nguvu ya kupanda futi 1,000 hadi 2,000 kwa dakika. La pili linatoa nguvu zote, na ndege nyepesi itakurusha kupita kimo ulichopewa kabla hujamaliza kukunja flapu. Ukifika futi 400 juu ya ardhi chagua LNAV au HDG SEL, kisha kunja flapu hatua kwa hatua kadiri kasi inavyopanda. Kwenye kituo cha kusubiri, chini ya futi 14,000, kasi isizidi 230, kona ni za kulia isipokuwa chati iseme vingine, na mguu wa kutoka kwenye kituo unachukua dakika moja. Tumia mzunguko huo kupiga upya hesabu ya maili, kisha rudi kwenye futi 8,500.