Mtihani wa mkanda umekaribia? Shukeni pwani maji yakipwa

Wenzangu wa taekwondo mnaojiandaa na mtihani, pigeni poomsae zenu (mfululizo wa miondoko iliyopangwa) pwani maji yakishapwa. Jambiani, Zanzibar, kwa mfano, maji yakipwa mchanga huwa mgumu na nyayo zinabaki. Chora mstari wa kati na mitatu ya kuukata, piga Taegeuk Il Jang, poomsae ya kwanza, taratibu, miondoko yote 18, kisha geuka uzisome nyayo zako. Tazama visimamo viwili: ap seogi ni hatua ya kawaida ya kutembea. Ap kubi ni ndefu zaidi, goti la mbele limepinda na mguu wa nyuma umenyooka. Zikilingana urefu, hapo ndipo alama za mtihani zinapopotea, na wengi hawajijui kabisa! Palipochimbika kishimo cha kisigino, ujue umegeukia kisigino badala ya mbele ya unyayo. Na ukimaliza mbali na ulipoanzia, rekebisha hatua kwanza.

Chagueni pasipo na vipande vya kombe. Mchukueni na mdogo mmoja wa klabu awahesabie kwa Kikorea, hana, dul, set; naye mtihani wake unakuja.