Vika mfuniko kitambaa unapopika wali wa Kiirani
Katika kujaribu chelo, wali mweupe wa Kiirani wenye ukoko wa rangi ya dhahabu uitwao tahdig, nimejifunza jambo dogo lenye faida kubwa: ukishauchuja mchele uliochemshwa nusu na kuurudisha katika sufuria yenye mafuta, uzungushie mfuniko kitambaa safi cha pamba, ufunge ncha zake fundo kwa juu, kisha uuache wali kwenye moto mdogo kwa dakika 40 hivi. Mvuke unaopanda hunywewa na kitambaa badala ya kugeuka matone yanayourudia wali, hivyo punje huchambuka na ukoko hukauka vizuri. (Wapishi wa pwani yetu hupata matokeo yanayokaribiana na hayo kwa kupalia makaa juu ya mfuniko, kwa kuwa matone hayafanyiki kwenye mfuniko wenye moto.) Kitambaa hakitasaidia chochote ikiwa mchele ulikwisha kuiva kabisa kabla ya kuchujwa, au ikiwa mfuniko haukai sawasawa. Kitambaa cha nailoni kisitumike kamwe, maana huyeyuka, na ncha zisiachwe zikining'inia karibu na moto.