Kuomba upimaji wa hewa kwenye karakana ya vanishi: anza na dumu la thina

Kama bosi amekutupia kazi ya kuomba tathmini ya vihatarishi kwenye karakana ya samani, iwe Mafinga, Makambako au Mbeya mjini, usihangaike sana na usajili wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Unaingia kwenye mfumo wao, unajaza taarifa za biashara na idadi ya wafanyakazi, basi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inawahusu hata kama karakana ni mabati manne na turubai.

Kinachokula muda ni swali hili: mnatumia kemikali gani? Ukijibu "thina" ni kama umeulizwa umekula nini ukajibu "mboga". Thina inaweza kuwa na tolueni, zailini au asetoni, na gundi ya sofa ikawa na heksani. Mpimaji asipojua anatafuta nini ataleta namba zisizo na kazi, na gharama imeshaingia.

Kwa hiyo nenda dukani ukadai karatasi ya usalama ya kemikali. Muuzaji wetu, anayejaza thina kwenye chupa za maji ya kunywa, aliniuliza kama nimetumwa na TRA, kisha akanipa risiti. Risiti haisaidii. Fuatilia mpaka kwa aliyeuza pipa zima, piga picha lebo, omba karatasi ya kiwandani. Ikipatikana, soma sehemu ya 3 (viambato) na ya 8 (viwango na vifaa vya kujikinga). Kila kemikali ina namba yake ya utambulisho (CAS): 108-88-3 ni tolueni. 110-54-3 ni heksani. Hii ya pili usiichukulie poa: ikishaingia mwilini hugeuka sumu ya neva za miguu na mikono. Fundi huanza na ganzi vidoleni, akasingizia baridi ya Mufindi.

Halafu siku ya kupima. Omba siku ya kazi kamili, siyo Jumamosi ya nusu siku. Ikiwezekana iwe Juni au Julai, milango inapofungwa kwa sababu ya baridi na mvuke wote unabaki ndani. Bosi atataka asubuhi hiyo milango iachwe wazi na upuliziaji usogezwe kesho. Mkatalie kwa heshima. Pampu ndogo ya kuvuta hewa hufungwa kiunoni na mrija wa mkaa unaonasa mvuke kwenye kola. Avae fundi anayepuliza, siyo mtunza stoo aliyependeza.

Kwenye upimaji wa afya, wakihitaji mkojo kwa ajili ya tolueni, utolewe mwisho wa zamu. Wa Jumatatu asubuhi hautasema lolote la maana kuhusu Ijumaa. Omba pia kipimo cha masikio, maana tolueni ikichanganyika na kelele za mashine ya randa huumiza kuliko kelele peke yake. Na mwambieni daktari kama mnanawa mikono kwa thina: inapita kwenye ngozi, na pampu haiwezi kuiona.

Ripoti iliyoandika "hewa inaridhisha" bila namba, irudisheni. Kwa kulinganisha, ACGIH, chama cha wataalamu wa afya kazini cha Marekani, inapendekeza tolueni isizidi wastani wa sehemu 20 kwa milioni kwa saa 8.

Bajeti ya maziwa ya mafundi, ombeni ihamishiwe kwenye feni ya kunyonya mvuke na barakoa zenye chujio la mkaa. Maziwa hayatoi thina mwilini, na barakoa ya kitambaa haizuii mvuke.