Banshee kwenye njia za mawe: jinsi ninavyoiandaa na kuipanda

Yamaha waliitoa Banshee mwaka 1987, na Marekani iliuzwa mpaka 2006. Ni kwadi, yaani pikipiki ya magurudumu manne, yenye injini ya mipigo miwili, silinda mbili zilizokaa sambamba, cc 347, inapozwa kwa maji, gia 6, haina rivasi, na kuiwasha ni kwa kiki tu. Sifa yake imetokana na mchanga. Huku Oman ukienda Bidiya, penye matuta ya mchanga, siku ya Ijumaa utazisikia zikilia juu ya matuta tangu mbali.

Mimi siipandi mchangani. Naipanda kwenye mawadi (mabonde ya mito mikavu) ya milima ya Hajar, penye changarawe, majabali, na vijia ambavyo mbuzi wamevitangulia. Huko Banshee iliyotengenezwa kwa ajili ya matuta ni mateso. Injini yake inasinzia kwenye mizunguko ya chini, halafu kwenye mizunguko kama elfu sita kwa dakika inaamka ghafla. Mchangani raha yake ni hiyo. Juu ya jiwe lenye unyevu, kuamka huko kunakutupa pembeni. Kwa hiyo kila ninachobadilisha nakibadilisha ili iamke mapema na kwa upole, na ili isife njiani kilomita thelathini kutoka barabarani. Anayetafuta spidi ya mwisho, mwongozo huu haumfai.

Hatua ya 1: Pima kama injini inavuta hewa

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo iliyoniulia injini ya kwanza. Nilinunua Banshee iliyotumika, nikaisafisha, nikaivisha vitu vipya, nikaingia nayo wadini. Saa moja baadaye pistoni ya kushoto ilinoki, yaani iliungua ikakwama. Nikadhani ni jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli. Nikafunga pistoni mpya, nikaongeza jeti, na siku ya pili ikanoki ileile ya kushoto. Fundi mmoja mzee ndiye aliyeniuliza: "Sili ya krenki, ile ya upande wa magneti, uliitazama?" Sikuwa nimeitazama.

Injini ya mipigo miwili inavuta petroli na hewa kupitia chumba cha krenki. Chumba hicho kikipitisha hewa popote, mchanganyiko unakuwa mwepesi, joto linapanda, pistoni inayeyuka. Upande wa kushoto wa Banshee kuna magneti, gurudumu la sumaku linalozalisha umeme wa plagi, na sili yake ikichoka inavuta hewa kavu. Upande wa kulia kuna klachi. Sili ya huko ikichoka injini inanyonya oili ya gia, na utaona moshi mweupe mwingi huku oili ikipungua bila kuvuja chini.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Vua kabureta na mabomba ya ekzosi. Ziba njia za kuingilia na za kutokea kwa mipira na klipu, acha tundu moja la kupulizia. Pampu ya mkono yenye geji inatosha. Jaza mpaka psi 6, usizidishe, maana utazisukuma sili zitoke mahali pake. Subiri dakika 6. Ikishuka chini ya psi 5, kuna mahali panavuja. Pakaza maji ya sabuni: kwenye sili ya magneti, chini ya silinda, kwenye mipira ya kabureta, na khasa kwenye kile kibomba cha mpira kinachounganisha njia mbili za hewa. Kibomba hicho hupasuka kwa uzee na watu hawakioni kwa kuwa kimejificha.

Usiguse jeti, wala usinunue kitu chochote cha kuongeza nguvu, kabla ya kipimo hiki kupita.

Hatua ya 2: Petroli na oili

Banshee haina pampu ya oili, unachanganya mwenyewe. Mimi natumia 32 kwa 1 na oili ya sintetiki ya mipigo miwili, petroli ya 95. Lita 10 za petroli zinataka oili karibu mililita 310. Pima kwa chombo chenye alama, si kwa jicho.

Wapo wanaoamini kuwa kumwaga oili zaidi ni kuilinda injini. Fikiri hivi: jeti inapitisha kiasi kilekile cha majimaji. Ukizidisha oili ndani ya majimaji hayo, umepunguza petroli. Mchanganyiko umekuwa mwepesi zaidi, na injini inachemka. Chagua kipimo kimoja, tuni kabureta kwa kipimo hicho, na usikibadilishe tena.

Hatua ya 3: Kabureta

Kiwandani inakuja na Mikuni mbili za milimita 26, jeti kubwa namba 200 na jeti ndogo namba 25. Ukiacha boksi la chujio na mabomba yake ya asili, hizo zinakaribia sana kuwa sawa. Na mimi nakushauri uliache boksi na kifuniko chake. Vumbi la wadi ni laini kama unga, na kuna madimbwi ya kuvuka; chujio lililo wazi litakunywesha vyote viwili. Osha sponji ya chujio kila baada ya safari na uipake oili ya chujio.

Watu wanabishana kuhusu jeti kubwa kana kwamba ndiyo kabureta nzima. Jeti kubwa inafanya kazi ukifungua resi (mafuta) kuanzia robo tatu kwenda juu. Njia ya mawe huendeshwi hivyo. Muda mwingi uko kwenye robo ya resi au chini yake, na huko wanaotawala ni jeti ndogo, skrubu ya hewa na sindano. Kwa hiyo anzia hapo:

Injini ikiwa na moto, fungua skrubu ya hewa mzunguko mmoja na nusu kutoka ilipofungwa kabisa. Izungushe taratibu huku na huku mpaka mngurumo uwe juu na mtulivu kuliko penginepo. Kama pahali pazuri panapatikana chini ya mzunguko mmoja, jeti ndogo ni ndogo mno. Panda hadi 27.5. Kama panapita mizunguko miwili na nusu, ni kubwa mno. Kisha nenda njiani, tembea gia ya pili, fungua resi kutoka robo hadi nusu. Ikisita kama imekosa pumzi, inua sindano alama moja. Ikigugumia kama imeshiba, ishushe.

Kabureta mbili lazima zifunguke pamoja. Vua chujio, weka vijiti viwili vya drili vya unene mmoja chini ya slaidi zote mbili (vile vizibo vinavyopanda ukivuta resi), vuta resi polepole. Vijiti vianguke kwa wakati mmoja. Kikitangulia kimoja, rekebisha kebo juu ya kabureta.

Mwisho, jeti kubwa. Weka plagi mpya, NGK BR8ES. Tafuta pahali papana palipo wazi, panda gia ya nne resi yote, halafu zima injini na kamata klachi kwa pamoja. Vua plagi, utazame ndani kabisa kwenye mzizi wa kauri. Rangi ya kahawa ni nzuri. Nyeupe ni hatari, rudi nyumbani polepole uongeze jeti. Nyeusi yenye unyevu, punguza. Siku zote anza na kubwa ushuke. Ukianza na ndogo upande, huenda injini isikungoje ufike.

Tuni asubuhi ya Januari, si mchana wa Juni. Hewa ya baridi ni nzito na inataka petroli zaidi. Iliyotuniwa kwenye joto la Juni itakuwa nyepesi wakati wa baridi. Kinyume chake si hatari: ukipanda kuelekea Jebel Akhdar, kiasi cha mita 2,000, hewa inapungua na injini inashiba kidogo, inakosa uchangamfu, lakini hainoki.

Juu ya kabureta utakuta pia vile visanduku vya TORS. Kazi yake ni kukata moto kama umeachia resi na slaidi zimekwama wazi. Wazo zuri, ila swichi zake zikiingia maji na vumbi hukata moto bila sababu, katikati ya mpando. Mimi huzitoa, nikaweka vifuniko vya kawaida na skrubu za sailensa, yaani za kurekebisha mngurumo injini ikiwa imetulia. Lakini ukizitoa umeondoa kinga. Siku hiyohiyo funga swichi ya kamba inayofungwa mkononi, ukianguka inachomoka na injini inazima. Bila kamba hiyo, acha TORS mahali pake.

Hatua ya 4: Nguvu ya chini

Kitu cha bei ndogo kuliko vyote ndicho kinachosaidia kuliko vyote: sproketi ya mbele. Ya asili ina meno 14, ya nyuma 41. Weka ya 13 mbele, na gia zote zinashuka kwa karibu asilimia 8. Gia ya kwanza inaweza kutambaa bila kuichoma klachi. Spidi ya juu unapoteza, lakini wadini utaitumia wapi?

Cha pili ni kuongeza uzito kwenye magneti. Ringi ya chuma inafungwa pale, na injini haizimiki kirahisi inapogonga jiwe kwenye mizunguko ya chini. Kile kishindo cha kuamka kinapoa pia. Cha tatu ni vibati vya ridi, vile vyepesi vinavyofungua na kufunga njia ya hewa. Vilivyochakaa au kupasuka kingo huua nguvu ya chini, basi vibadilishe.

Mabomba ya asili yanatosha. Ukitaka mengine, uliza yaliyotengenezwa kwa nguvu ya kati. Yale ya mashindano ya mchangani yanaondoa hata kidogo kilichokuwepo chini.

Hatua ya 5: Maji

Haina feni. Rejeta inategemea upepo wa mwendo, na kwenye mawe hakuna mwendo. Toa tope kwenye mapezi, tumia kulenti (maji ya kupozea) mpya, na baada ya mpando mrefu simama penye upepo ukiigeuzia uso wake.

Hatua ya 6: Chini ya mashine

Shokapu za mbele zina safari ya milimita 230, za nyuma 220. Kaa juu ukiwa umevaa kila kitu, mtu apime kimo kabla na baada ya kukaa. Ikishuka kiasi cha milimita 70, theluthi ya safari, iko sawa. Ikishuka zaidi, kaza springi. Watu hufunga mikono mirefu zaidi ya magurudumu ya mbele ili isipinduke. Kwenye vijia vyetu upana wa asili wa kiasi cha mita 1.1 tayari unabana, basi usizidishe.

Matairi yawe na kuta nene, ya plai sita. Kiwandani hupendekezwa psi kama 4. Kwenye mawe mimi naweka 6 mpaka 7, la sivyo rimu inapinda.

Funga bati la kinga chini ya mkono wa nyuma, ule unaoshika ekseli. Diski ya breki na sproketi zinaning'inia chini sana, na jiwe moja linatosha kuzipinda. Funga pia nyavu za miguu pembeni. Mguu ukiteleza kwenye kikanyagio, tairi la nyuma linaupanda. Nimeona kifundo cha mguu kilichovunjika hivyo, na mwenyewe hajatembea sawasawa mpaka leo.

Hatua ya 7: Kuipanda

Helmeti, miwani, glavu, buti zinazopita vifundo. Usimpakie mtu, siti ni ya mmoja.

Simama kwenye vikanyagio, magoti yamelegea, acha mashine icheze chini yako. Chagua gia kabla ya kufika kwenye jiwe, si ukiwa juu yake. Kidole kimoja au viwili vibaki kwenye klachi daima: nguvu ikitaka kuruka, ilainishe kwa klachi badala ya kuachia resi ghafla.

Kupanda, kifua mbele. Ikianza kushindwa, usingoje isimame: geuka mapema ukiwa bado una mwendo, maana rivasi hakuna. Ikishazima mlimani, shika breki ya mbele, egemea mbele, shuka upande wa juu wa mteremko. Kamwe usishukie upande wa chini, isije ikakubingirikia. Kwenye ubavu wa mlima, mwili wote uegemee upande wa juu.

Kushuka, makalio nyuma, gia ya chini, breki kwa kubonyeza na kuachia. Injini ya mipigo miwili inazuia kidogo sana, usiitegemee. Na hili nalisisitiza: oili inaingia pamoja na petroli. Ukishuka mteremko mrefu resi imefungwa huku injini inazunguka kwa kasi, pistoni inasugua karibu kavu. Kila sekunde chache kamata klachi, piga resi kidogo uinyweshe.

Ikikataa kupanda resi bila sababu, kagua kwanza breki ya kuegesha. Ikiwa imeshikwa inaizuia injini.

Hatua ya 8: Ukirudi

Funga koki ya petroli kabla ya kuvua helmeti. Kabureta ikivuja usiku, chumba cha krenki kitajaa. Kagua nati za ekseli ya nyuma, maana Banshee inajulikana kwa kuzilegeza: zikaze kwa spana ya kipimo, na ziwe na gundi ya kuzuia nati zisilegee. Tikisa magurudumu ya mbele usikilize beringi na vichwa vya stelingi. Cheni icheze kidogo, ipake oili ikiwa bado ina moto. Vua plagi zote mbili uziweke pamoja. Ikiwa ya kushoto ni nyeupe kuliko ya kulia, usiiwashe tena. Rudi hatua ya 1.