Ukipaka rangi nje huku Moroto, Karamoja (Uganda), fuata kivuli

Ndugu zangu mnaopaka nyumba kiangazi hiki, msianze na ukuta unaopigwa na jua. Asubuhi paka upande wa magharibi, mchana ukigeuka hamia upande wa mashariki. Jua linakufuata nyuma, wewe uko kivulini.

Weka kiganja ukutani. Ukishindwa kukituliza hapo kwa sababu ya joto, acha kwanza. Rangi ya maji kwenye ukuta wa moto hukauka juu kabla haijashika plasta. Unavuta rola, ukirudi kuunganisha unakuta ukingo umeshakauka, na ile michirizi haitoki hata ukirudia mara mbili. Mwaka uliofuata inabanduka kama maganda ya kitunguu. Ya kwangu ilibanduka hivyo, upande wa magharibi wote, maana nilipaka saa tisa alasiri.

Halafu vumbi. Upepo wa Karamoja kuanzia Desemba hauachi kitu safi, kwa hiyo osha ukuta jana yake, na asubuhi upanguse tena kwa kitambaa chenye unyevu. Ukipitisha mkono ukatoka na unga mweupe, hapo bado. Sugua kwa brashi ngumu, upake praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha.

Plasta mpya iache kama siku 28. Ndoo funika, isikae juani. Kuhusu rangi yenyewe, mimi nachagua nyeupe au krimu: haimezi joto kama kahawia, na chumbani usiku utalala.