Toa flashi juu ya kamera: picha za watu na sherehe kwa flashi ya pembeni

Flashi ikikaa juu ya kamera na kutazama mtu moja kwa moja, inafuta vivuli vyote vinavyoipa sura umbo lake. Pua inalala, mashavu yanakuwa bapa, paji la uso linang'aa kama limepakwa mafuta, na ukutani nyuma kunakuwa na kivuli cheusi kimechongeka. Sasa chukua flashi hiyohiyo, isogeze mita moja na nusu pembeni, inyanyue juu ya usawa wa macho, piga tena. Utaona uso una kina, una upande wenye mwanga na upande wa kivuli, yaani mtu anaonekana mtu. Mi naamini kabisa kwamba flashi moja iliyowekwa mahali sahihi inashinda flashi tatu zilizotupwa tu ukumbini, na sehemu kubwa ya kazi hii ni kujua stendi ikae wapi, sio kununua vitu.

Vya kuanzia ni vichache: flashi inayokubali manyuali (yaani unapanga nguvu yake mwenyewe), triga (kifaa cha kuiwasha flashi kutoka kwenye kamera bila waya), stendi, na kitu cha kulainisha mwanga, mwavuli mweupe au softiboksi (boksi la kitambaa linalotawanya mwanga) ndogo ya sentimita 60 mpaka 90. Kwenye triga nenda na ya redio moja kwa moja, hizi nyingi za siku hizi zinatumia mawimbi ya 2.4 GHz, zinapita hata flashi ikiwa nyuma ya nguzo. Zile zinazosubiri kuona mwako wa flashi nyingine ndo ziwake, studio zinafaa, lakini kwenye sherehe kila mpigapicha mwingine akifyatua ya kwake na yako inawaka, betri inaisha bure. Na kama una flashi ya zamani sana uliyoikuta kabatini usiichomeke tu kwenye kamera ya kidijitali, baadhi ya zile za kale zinarudisha volti zaidi ya 200 kwenye kiunganishi na zinaweza kuua saketi ya kamera. Ipime kwanza.

Betri: kama flashi yako inakula betri za AA tumia za kuchaji aina ya NiMH. Zimeandikwa volti 1.2 tu wakati alkalaini ni 1.5, watu wanadhani ni dhaifu, lakini zenyewe zinatoa umeme mwingi kwa haraka zaidi, kwahiyo flashi inajijaza upesi na haikuachi ukisubiri kitaa kiwake huku tukio linapita.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho ukikielewa mengine yote yanakuja yenyewe. Picha ya flashi ina mianga miwili ndani yake kwa wakati mmoja, mwanga uliokuwepo pale (jua, taa za ukumbi, dirisha) na mwanga wa flashi, na kila mmoja una kishikio chake. Mwako wa flashi ni mfupi mno, hata kwenye nguvu kamili unaisha ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, na kadri unavyopunguza nguvu ndivyo unavyozidi kuwa mfupi. Kwa hiyo shata (pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga) ikikaa wazi kwa 1/60 au 1/200 ya sekunde flashi haijali, imeshawaka na kuzima zamani. Shata inagusa mwanga wa mazingira peke yake. Nguvu ya flashi na umbali wake vinagusa flashi peke yake. Apecha (tundu la lenzi, zile namba za f) na ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) vinagusa vyote viwili. Basi.

Kwahiyo utaratibu wangu ni huu, na sijaona sababu ya kuuacha: zima triga kwanza. Weka kamera manyuali, piga picha ya mazingira tu bila flashi, amua unataka nyuma kuonekane vipi. Ukitaka kuwe na giza la kuvutia shusha stopu moja au mbili (stopu moja ni kupunguza mwanga nusu au kuuongeza mara mbili), ukitaka ukumbi uonekane umechangamka shusha kidogo tu. Mtu wako akiwa mweusi kwenye skrini usijali, bado zamu yake. Ukisharidhika na nyuma ndo unawasha flashi, anza 1/16 ya nguvu kamili, piga, angalia ngozi. Hafifu? Panda 1/8, hiyo ni mara mbili ya mwanga, stopu moja. Kali? Shuka 1/32. Kwa picha mbili tatu umeshafika, na kwa vile hamna kinachojibadilisha chenyewe, picha zako zote pale zitafanana mwanga mpaka wewe mwenyewe uguse kitu. TTL, ile ya flashi kujipimia, mi naitumia pale tu umbali kati ya taa na mtu unapobadilika kila sekunde, mtu anatembea kuja kwako kwa mfano. Mtu amekaa kwenye kiti TTL ya nini, akivaa shati jeupe inasoma hivi, akivaa koti jeusi inasoma vile.

Ukikuta utepe mweusi chini au juu ya picha, umevuka kasi ya sinki, yaani kasi ya mwisho ya shata inayoendana na flashi. Kamera nyingi mwisho wake ni 1/200 au 1/250, juu ya hapo mapazia ya shata hayawi wazi yote kwa pamoja, ni upenyo mwembamba unaopita, na flashi ikiwaka mara moja inagusa kipande tu. Triga nyingine zinachelewa kidogo, kwahiyo jaribu 1/160 kama utepe hauondoki. HSS (hali ya flashi ya kasi kubwa) inatatua hili kwa kufanya flashi itoe midundo ya haraka mfululizo, ila unalipia, unapoteza nguvu nyingi, mara nyingi stopu mbili au zaidi, na flashi inapata joto.

Umbali sasa. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wanahangaika na vitufe wakati jibu liko miguuni. Ukiongeza umbali wa taa kwa mtu mara mbili, mwanga unaomfikia haupungui nusu, unabaki robo. Stopu mbili nzima. Toka mita 1 hadi mita 1.4 tu tayari umepoteza stopu moja. Ndo maana taa ikiwa karibu sana na mtu, ukuta wa nyuma unaingia gizani haraka, na ukiisogeza mbali mtu na ukuta vinaanza kufanana. Unaweza kugeuza ukuta mweupe uwe kijivu bila kugusa kitu chochote zaidi ya stendi.

Hesabu hiyohiyo inaokoa picha za kundi. Tuseme una safu mbili za watu na ya nyuma iko mita 1 nyuma ya ile ya mbele. Ukiweka taa mita 1 kutoka safu ya mbele, safu ya nyuma iko mita 2, inapata robo ya mwanga, yaani mbele wameungua na nyuma wamezama. Rudisha taa mpaka mita 4, safu ya nyuma iko mita 5, tofauti inakuwa kama theluthi mbili za stopu tu, jicho haliioni sana. Panda nguvu ya flashi kufidia, inyanyue stendi juu ili kichwa cha wa mbele kisimtupie kivuli wa nyuma, na iweke karibu na kamera sio pembeni kabisa, la sivyo aliye mwisho wa mstari upande wa taa atapata mwanga wa wote.

Umbali huohuo ndo unaamua ulaini. Mwavuli wa sentimita 90 ukiwa karibu na uso ni chanzo kikubwa, kivuli kinayeyuka taratibu, ukiupeleka mita 5 umekuwa kidoa na kivuli kinakata. Kwahiyo kwa picha ya mtu mmoja sogeza softiboksi karibu mpaka ukingo wake unakaribia kuingia kwenye fremu, alafu rudi nyuma kidogo.

Kwa picha ya mtu mmoja anza na taa nyuzi 45 pembeni na juu ya macho yake, ikiinama kumtazama. Alafu acha kuangalia taa, angalia kivuli cha pua. Kikilala mlalo kuelekea sikio, taa iko chini mno, inyanyue. Kikishuka mpaka kugusa mdomo, iko juu mno. Kikishuka kimshazari kuelekea pembe ya mdomo na upande wa pili wa uso ukabaki na pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho, umepata, na picha nyingi nzuri za sura unazozijua zimesimama hapo. Cha pili cha kuangalia ni macho, lazima kila jicho liwe na nukta ya mwanga sehemu ya juu, jicho lisilo na nukta linaonekana limekufa hata kama mtu anacheka. Nukta haipo? Macho yamezibwa na paji la uso, shusha taa kidogo au mwambie ainue kidevu.

Ngozi nyeusi inastahili uangalifu wake, na ninasema hivi kwa sababu mafunzo mengi yanaipita kimyakimya. Uzuri wake kwenye picha unatoka sana kwenye mng'ao, ile mistari ya mwanga inayofuata shavu, taya, bega. Flashi tupu ikimpiga mtu huyo usoni unapata madoa makali meupe na mengine yote giza, alafu unapandisha nguvu na madoa yanazidi. Tumia chanzo kikubwa, kilete pembeni zaidi, na usikielekeze katikati ya uso, kigeuze kipite mbele yake kidogo ili apate ukingo wa mwanga tu. Mng'ao unatanda badala ya kudondoka doa doa. Na mtenge na nyuma yake, ama msogeze mbali na ukuta mweusi ama weka flashi ya pili nyuma yake kwa nguvu ndogo imguse nywele na bega.

Miwani: taa ikirudi kwenye kioo, inyanyue juu zaidi na ipeleke pembeni, au mwambie ainamishe miwani kidogo sana, mikono ya miwani ikae juu ya masikio kidogo. Mara nyingi inatosha.

Nje mchana jua likiwa kali mweke jua mgongoni kwake alafu flashi ijaze uso. Jua kamili kwa ISO 100 na shata 1/200 linataka kama f/11, na hapo ndo utajua flashi yako ina pumzi au haina. Chukua namba ya mwongozo (kipimo cha nguvu ya flashi kinachoandikwa na mtengenezaji), gawa kwa apecha, unapata umbali kwa mita. Flashi yenye 36 kwa f/11 inafika kama mita 3.3 ikiwa tupu na nguvu kamili, ukiivalisha softiboksi inayokula stopu moja na nusu au mbili inabaki mita moja na nusu mpaka mbili. Kwahiyo sogeza taa karibu, au vua softiboksi, au tafuta kivuli. Na ile namba iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi imepimwa kichwa kikiwa kimezumiwa mpaka mwisho, usiitegemee kwa mwavuli.

Sherehe za ndani naziwekea flashi mbili kwenye kona mbili zinazotazamana, stendi zimenyanyuliwa mpaka mita 2.5 au 3, vichwa vikitazama eneo la kucheza, moja kundi A nyingine kundi B kwenye triga. Setingi za kuanzia: ISO 1600, f/3.2, shata 1/80, flashi 1/16. Ukizunguka ukumbi, ile iliyo nyuma yako inakuwa taa ya uso na ile iliyo mbele yako inakuwa taa ya mgongo, inachora ukingo kwenye watu na kufanya vumbi na moshi wa jukwaani vionekane, na ukitaka kivuli chenye drama zima kundi moja kutoka mkononi. Ukiwa na dari jeupe na fupi geuza flashi juu, lakini dari la mbao au la rangi litarudisha rangi yake kwenye ngozi.

Taa za ukumbi za njano ziko karibu na kelvini 3200 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga) na flashi iko kama 5500, ndo maana uso unatoka sawa na nyuma inatoka chungwa kupindukia. Funga jeli (karatasi ya plastiki yenye rangi) ya chungwa kwenye kila flashi, weka white balance ya kamera 3200 au jirani hapo, vyote vinakaa pamoja. Taa za jukwaa zinazobadilika rangi ziache zibadilike, usishindane nazo.

Stendi ya mita tatu ikianguka inaumiza mtu, kwahiyo mfuko wa mchanga kwenye mguu kila mara, mguu mmoja uelekee upande wa uzito, na isikae njia ya kutokea wala watoto wanapokimbia. Usifyatue nguvu kamili mfululizo, flashi ikizidi joto inajizuia yenyewe na utaikosa pale unapoihitaji zaidi. Betri ziende kwa seti, zilizonunuliwa pamoja zichajiwe pamoja, na nabadilisha seti nzima kabla ya shughuli kubwa ya jioni hata kama zilizopo bado zinawaka, kwa sababu keki inakatwa mara moja.